Kijiti Juu, Kitanzi Chini

Mlinzi wa lango la bandari alimjua mtoto yule kwa mwendo wake. Kila siku baada ya masomo alimwona kwa mbali akija mbio, mkoba ukimrukaruka mgongoni, na kabla hajafika alikuwa ameshamfungulia mlango mdogo wa pembeni.

"Pita, Chapuchapu," alimwambia, "usije ukanivunjia lango bure."

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba," alijibu mlinzi, lakini marahaba yake ilipigwa na upepo tu, maana mwenye shikamoo alikuwa ameshakata kona.

Jina hilo la Chapuchapu alipewa na mama yake, tena si kwa kumsifu. Binti huyo alikula chapuchapu, akafua chapuchapu, akaandika hesabu chapuchapu hata saba zake zikafanana na moja. Wenzake wa darasa la sita walilipenda jina wakalichukua, na yeye mwenyewe alilibeba kama cheo. Aliona watu wanaofanya mambo polepole wamekosa tu pa kwenda.

Mahali pekee palipompunguza mwendo palikuwa chumba cha mama yake. Mama alikuwa fundi wa bendera. Chumba chake kilikuwa chini kabisa katika jengo la bandari, na rafu zake zilijaa kuanzia sakafuni hadi darini: bendera kubwa, bendera ndogo, za kwetu na za nchi nyingine, kila moja imekunjwa ikatulia mahali pake. Kulinukia nguo mpya na mafuta ya cherehani. Nje winchi zilipiga kelele na malori yalinguruma, lakini ukishafunga mlango wa chumba kile ulisikia mkasi tu ukitembea juu ya meza.

Na mle ndani kulikuwa na sheria. Humo hakuliwi kitu. Mikono hunawiwa kwanza. Bendera haigusi sakafu, haikaliwi, haigeuzwi kitambaa cha meza hata kwa mzaha. Ikichakaa haitupwi jalalani wala haifanywi dekio. Huchomwa kwa heshima, na anayeichoma husimama mpaka moto uishe.

"Lakini mama," Chapuchapu aliwahi kuuliza, "si kitambaa tu hiki?"

"Kikiwa kwenye jora ni kitambaa," mama alimjibu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. "Kikishapanda mlingotini ni neno. Meli haina mdomo, mwanangu. Inasema kwa bendera."

"Inasema nini?"

"Inategemea imepandishwaje. Ya msiba, kwa mfano, hukaa nusu mlingoti. Lakini huipeleki nusu moja kwa moja. Unaipandisha kwanza mpaka juu kabisa, ndipo unaishusha taratibu hadi nusu. Na jioni, kabla ya kuiteremsha, unairudisha juu tena."

Chapuchapu hakujua kwa nini maneno yale yalimsisimua mwili, lakini yalimsisimua.

Basi siku moja kulikuwa na jambo kubwa bandarini. Serikali ilikuwa imeleta meli mpya ya uokoaji, ya kwenda kuwatoa watu baharini wanapozama au vyombo vyao vinapoharibika. Ilikuwa nyeupe, ndefu, imetulia pale gatini na kulifanya jengo la bandari lionekane kibanda. Kesho yake asubuhi ingepandishiwa bendera kwa mara ya kwanza, mbele ya mgeni rasmi, na wanafunzi wa darasa la sita wamealikwa kushuhudia. Bendera yenyewe aliishona mama. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kazi yake, fundi wa bendera naye alikuwa amealikwa kusimama melini pamoja na wageni, na gauni lake la kijani lilikuwa limeshapigwa pasi tangu juzi.

Jioni ile Chapuchapu alipoingia, alimkuta mama anakata uzi wa mwisho wa pindo.

"Umekuja wakati mzuri. Nimeitwa ofisini mara moja. Leo nakupa kazi ya kiutu uzima." Mama akamwonyesha kingo nyeupe ya turubai, ule upande wa bendera unaokaa kwenye mlingoti. Ndani yake mlipita kamba, ncha moja ikitokea huku na nyingine kule. "Ncha ya juu ishonee kijiti hiki. Ya chini ishonee kitanzi. Ndivyo baharia anavyojua, hata gizani kwa kupapasa tu, kichwa cha bendera ni kipi na miguu ni ipi. Kijiti juu, kitanzi chini. Rangi yetu ya kung'aa hukaa juu, rangi nzito chini. Ifungue uitazame vizuri kabla hujashona. Ukimaliza, ikunje, uiviringe, uifunge kwa uzi mwembamba kama nilivyokufundisha."

"Ndiyo, mama!"

Chapuchapu alivimba kichwa. Bendera ya meli ya serikali, mikononi mwake! Alikaa, akatia uzi sindanoni. Lakini kabla hajaifungua bendera, dirishani kukatokea uso wa rafiki yake aliyeitwa Kengele, kwa sababu sauti yake ilisikika madarasa matatu.

"Chapuchapu! Wenzako wamepanga timu ya kuruka kamba! Ukichelewa nafasi yako anapewa mwingine!"

"Nakuja!"

Bendera ilikuwa kubwa, imelala ndani ya sanduku lake isiguse chini, na kuifungua yote ni kazi. Chapuchapu alivuta kingo tu. Huku ncha, kule ncha, zote zinafanana. Akashona kijiti kwenye ncha iliyokuwa karibu, na kitanzi kwenye ile nyingine, mishono imara, mizuri, maana mkono wake ulikuwa mwepesi kweli. Alipokuwa akiviringa, jicho lake liliona rangi nzito ikipita karibu na kijiti. Kitu kikamchoma moyoni. Akasita.

"We Chapuchapuuu!"

"Hata ikiwa imegeuka," alijiambia, "si wataiona wakaigeuza? Mabaharia wana macho." Akafunga uzi.

Mama alirudi akamkuta ameshavaa viatu, tayari kutoka. Akalichukua lile furushi, akalipima mkononi, akagusa fundo la uzi kama anayetaka kulifungua.

"Uliifungua ukaitazama?"

"Ndiyo, mama."

Mama akauachilia uzi. "Haya. Nenda ukacheze. Nimekuamini."

Chapuchapu alitoka mbio. Siku ile aliruka kamba mpaka timu yake ikashinda, lakini ajabu, ushindi haukumnogea.

Asubuhi ikafika, angavu, na upepo wa kutosha. Wanafunzi walipangwa gatini mistari miwili, soksi zimevutwa hadi magotini. Mwalimu wao alipita akiwatisha kwa sauti ya chini: "Filimbi ikilia, mtu asitikisike. Hata nzi akikutulia puani, mwache apumzike."

Kwa karibu, meli ilikuwa kitu kingine kabisa. Ili kuona juu ilibidi uinamishe shingo nyuma mpaka kofia idondoke. Nanga yake ilikuwa kubwa kuliko meza ya mwalimu mkuu. Mabaharia walisimama kando ya reli wamevaa nyeupe, hakuna aliyecheka, hakuna aliyejikuna. Hata Kengele alikuwa ananong'ona, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu azaliwe.

Serahangi wa meli, mkubwa wa mabaharia wote wa sitaha, aliteremka ngazi kuja kuwasalimia wanafunzi. Alikuwa mtu wa kitambi na masharubu, filimbi ya fedha ikimning'inia kifuani.

"Shikamoo!" walimwimbia.

"Marahaba, wajukuu zangu. Nani anajua meli nazo huamkiana?"

Wanafunzi wakatazamana.

"Huamkiana! Meli ya mizigo ikipita karibu na meli ya serikali, huteremsha bendera yake hadi nusu. Hiyo ni shikamoo. Na meli ya serikali huteremsha yake kidogo, ikairudisha juu. Hiyo ni marahaba. Sisi hatuanzi, maana bendera yetu haimwinamii mtu kwanza. Lakini hatuachi kuitikia. Meli ya serikali isiyoitikia haina adabu, hata ingekuwa na injini kumi."

Watoto wakacheka. Serahangi akawaonyesha nyuma ya meli, sehemu iitwayo tezi, ambako mlingoti ulisimama mtupu ukisubiri.

"Bendera ya kwanza ya meli haipandi ikiwa wazi," aliendelea, na sauti yake ikashuka. "Inapanda imeviringwa, hakuna anayeiona, hata mimi. Ikifika juu kabisa, baharia anavuta kamba mara moja, uzi unakatika, na bendera inafunguka yote kwa mkupuo. Mtaona wenyewe. Mimi nimeona mara nyingi na bado nywele husimama."

Chapuchapu akautazama tena ule mlingoti mtupu.

"Na je," Kengele akauliza, "ikifunguka kichwa chini?"

Serahangi hakucheka. "Baharini, mwanangu, bendera iliyopinduliwa ni kilio. Maana yake: tunaangamia, tuokoeni. Na kila chombo kinachoiona kinaacha shughuli zake na kuja. Waone wale." Akanyoosha kidole majini, ambako mashua na boti nyingi zilikuwa zimejipanga kutazama. "Wote wale wangetujia. Mtu halifanyii mchezo neno hilo, kwa sababu siku utakapolisema kwa kweli, lazima uaminiwe."

Akawaaga, akapanda ngazi kurudi melini.

Chapuchapu alibaki akitazama mbele bila kuona kitu. Sasa kile alichokipita haraka jana kilimrudia wazi: kijiti chini ya vidole vyake, na kando yake rangi nzito. Rangi ya chini. Hakuwa na shaka tena. Alinyanyua macho, na pale tezi, kati ya wageni waliovaa suti, akaliona gauni la kijani. Mama alikuwa amesimama wima, mikono ameikutanisha mbele, na usoni ana tabasamu dogo la mtu anayejizuia asitabasamu sana.

Akisema, mama ataaibika mbele ya watu wote hawa. Asiposema, ataaibika zaidi, na hatajua hata kwa nini. "Labda nimekosea," alijaribu kujidanganya. "Labda rangi ilijikunja tu." Lakini uongo wa jana ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki, na wa leo ulikataa kupita.

Filimbi ya serahangi ikalia.

Ulikuwa mlio mwembamba, mrefu, wa kupanda, na ulipokatika bandari nzima ilinyamaza. Winchi zilikuwa zimesimama. Malori yamezimwa. Maji yenyewe yalisikika yakigonga gati. Wakubwa kwa wadogo walisimama wima, na furushi dogo likaanza kupanda mlingoti, taratibu, likiwa limefumba siri yake. Chapuchapu hakuwahi kuona kimya kikubwa namna ile. Kuvunja kimya kile kulionekana kosa kubwa kuliko makosa yote.

Furushi lilifika nusu.

"Ngojeni!"

Sauti ilikuwa yake. Miguu nayo ilikuwa yake, ikipanda ngazi ya meli, na nyuma mwalimu akiita jina lake kwa mnong'ono wa hasira. Alipofika tezi alikuwa ametokwa na machozi na hana pumzi.

Nahodha alikuwa mwanamke mrefu, kofia imemkaa sawasawa. Hakugeuza kichwa. Aliinua tu mkono mmoja, na baharia aliyeshika kamba akasimama. Furushi likabaki linaning'inia.

"Sema," alisema nahodha.

"Bendera iko kichwa chini. Kijiti nimekishona mimi, nimekishona upande wa chini. Mama aliniuliza kama niliitazama, nikasema ndiyo. Sikuitazama. Mama hana kosa, mheshimiwa. Mama hana kosa kabisa."

Hakuthubutu kumtazama mama yake. Mgeni rasmi alitazama saa. Msaidizi wake akanong'ona kuwa ratiba imebana. Nahodha akasema kwa sauti ya kawaida, lakini kila mtu aliisikia:

"Bendera ikichelewa, tutaomba radhi. Ikisema uongo, hakuna radhi. Iteremsheni."

Mabaharia wanne walilipokea furushi, wakakata uzi, wakaifungua bendera juu ya mikono yao isiguse sitaha. Pale kwenye kijiti ilikuwapo rangi nzito, kama alivyosema. Wageni waliguna. Serahangi akatoa leso akajifuta jasho la shingo.

"Lo! Meli ya uokoaji kuomba kuokolewa siku ya kwanza! Boti zote zile zingekuja kututoa gatini!"

Mtu mmoja alicheka, halafu wa pili, hata mgeni rasmi akaficha mdomo kwa mkono. Mama hakucheka. Alisogea mbele, akachomoa sindano aliyokuwa ameificha chini ya kola ya gauni, maana fundi hata akialikwa harusini haachi sindano nyumbani. Akatoa na uzi mkobani. Chapuchapu alidhani mama ataifanya kazi mwenyewe, amalize, aibu iishe. Lakini mama aliweka sindano kwenye kiganja cha binti yake.

"Fumua. Ushone."

"Mimi, mama? Mbele ya watu wote?"

"Ulishona wewe."

Alifumua kijiti, akafumua kitanzi. Akaanza kushona, na kwa mazoea yake mkono ukataka kukimbia.

"Usikimbie," nahodha alimwambia kwa upole. "Tunakungoja."

Na walimngoja kweli. Mgeni rasmi alingoja, mabaharia walingoja, na zile boti majini. Hapo ndipo Chapuchapu alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona: kwamba watu wazima wote wale, na meli yote ile, walikuwa tayari kusimama kimya kwa ajili ya mshono mmoja kuwa sawa. Woga ukamtoka, ukaingia kitu kingine kikubwa zaidi. Akashona polepole, mshono baada ya mshono, akivuta kila uzi mpaka mwisho. Kijiti juu. Kitanzi chini. Alipomaliza alisimama, akaitazama bendera yote kutoka kingo hadi kingo, ndipo akasema, "Sasa nimeitazama, mama."

Mama aliiviringa, akaifunga. Filimbi ikalia tena.

Furushi lilipanda. Likapita nusu, likapita pale macho yalipoanza kuumwa na jua, likafika juu. Baharia akavuta mara moja. Uzi ukakatika, na bendera ikafunguka kwa mkupuo, ikapiga mlio wa nguo nzito inayoshikwa na upepo, kubwa, mpya, rangi ya kung'aa juu kabisa penye mbingu. Mwili wote wa Chapuchapu ulisisimka. Alitaka kupiga kelele na hakuweza. Akahisi mkono wa mama umeshika wake, nao ulikuwa baridi.

Wageni waliposhuka, nahodha alimsimamisha fundi wa bendera. Chapuchapu akajiandaa kusikia mama akifukuzwa kazi.

"Fundi," alisema nahodha, "meli hii itahitaji bendera nyingine kabla ya mwaka kwisha. Upepo huzila. Utatushonea?"

"Nitashona, Kapteni. Na kila moja nitaifungua mwenyewe. Kuamini ni kuzuri, lakini ile ilikuwa zamu yangu ya kukagua nikaiacha ipite."

"Basi tumeelewana."

Mama na binti walirudi gatini, wakakaa kwenye gogo la kufungia kamba za meli.

"Umekasirika, mama?"

"Nimekasirika, ndiyo. Ila si kwa kijiti. Kijiti hata mimi nimewahi kukigeuza nilipokuwa ninajifunza, fundi wangu akanifumulisha mpaka vidole vikavimba. Mshono ukikosewa, fundi yeyote aliye karibu anaweza kuufumua. Lakini ile 'ndiyo, mama' ya jana, nani angeifumua? Si mimi, sikujua. Si nahodha. Neno la uongo, mwanangu, hulifumua yule yule aliyelishona, na kila ukichelewa linazidi kupanda juu, mpaka lifunguke mbele ya watu." Akamgeukia. "Leo umelishika likiwa nusu mlingoti. Ulikuwa na hofu?"

"Sana."

"Nilikuona. Na bado ukaja."

Wakati huo honi ililia, meli nyeupe ikajivuta kutoka gatini, ikageuka kuelekea nje. Huko mbele meli kuukuu ya mizigo, yenye kutu ubavuni, ilikuwa ikiingia bandarini. Zilipokaribiana, bendera ya ile meli kuukuu iliteremka polepole hadi nusu. Wanafunzi wote walishika pumzi. Kisha pale tezi, bendera mpya ikashuka kidogo, ikatulia, ikapanda tena juu kabisa.

"MARAHABA!" alipiga kelele Kengele, na gati zima likacheka.

Chapuchapu hakupiga kelele. Aliitazama bendera mpaka ikawa ndogo kama kucha. Kisha akainuka, akatwaa mkoba, na kwa mara ya kwanza mama yake aliona wanatembea mwendo mmoja. Walipofika langoni alisimama mbele ya mlinzi.

"Shikamoo, babu."

Mlinzi akashangaa, akavua kofia kabisa.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema, na safari hii mwenye shikamoo alikuwapo kuipokea.